Dago la Rukwa: kulala kando ya maji yanayohama

Hema nililinunua Tunduma, kwenye mitumba. Lilikuwa limeviringishwa ndani ya mfuko wake wa kijani, katikati ya makoti ya baridi na mabegi ya shule, na muuzaji mwenyewe hakujua ni kitu gani. Alidhani ni mwavuli mkubwa wa wauza vocha. Tulipolifungua pale pale kando ya barabara, malori yakiwa yamesimama foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, ulimwagika mchanga. Mchanga mweupe, laini, wa ufukwe fulani huko Ulaya ambako mtu alilala Jumamosi, akatupa mshipi wake kwenye mawimbi kwa raha zake, na Jumatatu akarudi kazini.

Nililipa bila kubishana sana. Safari ya Ziwa Rukwa nilikuwa nimeshaipanga.

Tunduma haina ufukwe. Ina mpaka, ina reli ya TAZARA, ina vumbi, na ina samaki wakavu. Magunia yao utayaona yakipakiwa na kupakuliwa, na harufu yake inakukuta kabla hujayaona. Baadhi ya samaki hao wanatoka bondeni, Rukwa, safari ya siku moja tu. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, watu wanaujua kwa barabara kuu na kahawa ya Mbozi. Wachache wanakumbuka kwamba wilaya zake mbili, Momba na Songwe, zinateremka hadi majini. (Halafu kuna mito miwili yenye jina la Songwe. Mmoja unatugawa na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa, mwingine unaingia Rukwa. Wahariri wangu wameshaichanganya zaidi ya mara moja, kwa hiyo naisema mapema.)

Lakini nilikuwa na sababu nyingine ya kwenda. Miaka kadhaa nyuma niliandika habari fupi, maneno mia tatu hivi, kuhusu kambi moja ya wavuvi upande wa Momba. Niliandika kwamba hakuna vyoo, kwamba kipindupindu hakiko mbali, kwamba watu wanalala kwenye vibanda vya matete "kama wakimbizi". Nilikaa pale saa mbili, nikapiga picha, nikaondoka na gari lililonileta. Wiki chache baadaye kambi ikavunjwa na vibanda vikachomwa moto. Sidai kwamba habari yangu ndiyo iliyowasha kiberiti. Ila ofisa mmoja aliyehusika na amri ile alininukuu mbele yangu, tena kwa kunisifu, na neno alilolipenda zaidi ni hilo la wakimbizi. Tangu siku hiyo limekuwa likinikereketa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi safari hii nilitaka kulala.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, tena neno zuri ambalo sisi wa bara tumeliacha. Kambi limetoka kwa wageni. Turubai limetoka kwenye Kiingereza, hema kwenye Kiarabu. Lakini ago, au dago kama wanavyosema wavuvi wa pwani, ni letu. Ni kituo cha muda, mahali wavuvi wanapohamia kwa msimu, wakalala karibu na samaki kisha wakarudi makwao. Watu wa Kojani kule Pemba wanajulikana kwa kwenda dago mbali na kisiwa chao, wiki kwa wiki, wakifuata samaki na upepo. Mtu aliye dagoni si mtu asiye na kwao. Kwao kupo, na ndiyo maana anaweza kwenda dago. Ningelijua neno hili vizuri wakati ule, pengine nisingeandika nilichoandika.

Sasa, ziwa lenyewe. Rukwa halina mto unaotoka. Momba inaingia, Songwe inaingia, Rungwa inaingia upande wa kaskazini, na maji yote yanaishia pale pale, yakipungua kwa jua na upepo tu. Ziwa liko kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, kina chake ni kifupi, na bonde lake ni tambarare kama meza. Ukimwaga kikombe cha maji mezani utaelewa: maji kidogo yakiongezeka hayapandi juu, yanatambaa. Mwaka 1929 Rukwa lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Mwaka 1939 lilikuwa na kilomita kama 128. Siku hizi likitajwa vitabuni hupewa kilomita 180. Fikiria mtu aliyezaliwa ufukoni mwaka 1929: kabla hajamaliza miaka kumi, pale alipozaliwa pameshakuwa katikati ya maji. Na ukirudi nyuma kabisa, miaka elfu kumi na kidogo iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, Rukwa lilisimama karibu mita 180 juu zaidi ya lilipo leo, likafurika hadi likamwagikia Ziwa Tanganyika. Alama za ufuko wa zamani zingali kwenye kingo za bonde, huko juu ambako leo mbuzi wanachunga majani makavu.

Nimezisoma hizi takwimu mara nyingi mezani kwangu. Zikanipita. Takwimu za ziwa hazina maana mpaka ujaribu kupigilia kigingi.

Katika maandishi ya Wazungu, Rukwa linaingia na hema. Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 22, aliliona kutoka juu ya ukingo wa bonde, akaliita Ziwa Leopold, jina ambalo halikudumu. Thomson hakutakiwa kuwa kiongozi. Mkuu wa msafara ule wa Royal Geographical Society, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwaka 1879, kijana akabaki na jukumu. Vitabu vinamsifu kwa hilo. Havisemi sana kwamba nyahapara wa msafara alikuwa Chuma, yule yule James Chuma ambaye pamoja na Susi walibeba maiti ya Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Chuma alishapiga kambi na kuvunja kambi katika nchi hizi kabla Thomson hajamaliza masomo. Katika misafara ya aina hiyo Mzungu alilala hemani, na wapagazi walikata nyasi na matawi wakajijengea vibanda vya usiku mmoja, karibu kijiji kizima kila jioni, asubuhi wakakiacha. Aliyeandika ni wa hemani. Ndiyo maana katika vitabu hivyo kibanda cha nyasi ni kitu cha kupita nacho haraka, kama nilivyopita nacho mimi.

Kuna wengine wa hemani ninaowapenda zaidi. Mwaka 1936 na 1937 wanasayansi wawili Waingereza, wanawake vijana, Kate Ricardo na Janet Owen, walikuja kuchunguza samaki na uvuvi wa Rukwa, kisha wa Bangweulu ng'ambo ya mpaka. Ricardo alikuwa na umri wa miaka 24. Angalia miaka hiyo na zile takwimu: walilikuta ziwa likiwa kwenye safari ya kurudi, kati ya zile kilomita 50 na zile 128. Samaki mdogo mmoja wa Rukwa, jamii ya wale tungewaita dagaa kwa kuwatazama tu, alipewa jina la kisayansi na Ricardo mwaka 1939. Perege wa Rukwa, yule anayeliwa Tunduma na Vwawa, alikuwa ameshapewa lake mwaka 1903 na Wajerumani.

Halafu likaja hema la nzige. Ziwa likirudi nyuma linaacha mbuga za nyasi zenye unyevu, na mbuga hizo ni mazalio ya nzige wekundu. Kuanzia mwaka 1930 makundi yaliyotokea Rukwa na Mweru wa Ntipa yalisambaa na upepo kusini na katikati ya Afrika, yakala mashamba mpaka mwaka 1944. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, mji tunaouita leo Mbala, si mbali na hapa petu. Mmoja wa wataalamu wake, Desmond Vesey-FitzGerald, alizunguka bonde la Rukwa miaka mingi akitazama nyasi na wanyama. Makala yake ya mwaka 1960, juu ya namna wanyama wanavyopokezana malisho, mkubwa akitangulia na mdogo akifuata, bado inanukuliwa na watu wa Serengeti ambao pengine hawajui kwamba hoja ile ilikomaa huku kwetu. Kwa hiyo hata nzige ni habari ya ufuko unaohama.

Niliteremka kwa barabara ya Mlowo na Kamsamba. Kabla ya ziwa nilipita Ivuna, ambako sikuwa na haraka. Ivuna ina mambo mawili. La kwanza lilianguka kutoka angani tarehe 16 Desemba 1938: kimondo, mawe yasiyofika hata kilo moja, lakini ya aina adimu sana, kiasi kwamba kundi zima la vimondo vya aina hiyo duniani limebeba jina la Ivuna. Wajapani waliporudisha udongo wa kimondoanga Ryugu mwaka 2020 na kuuchunguza, walikuta unafanana na jiwe la Momba. Kila mtu niliyemwambia hivyo pale kijijini alicheka kwa heshima.

La pili ni chumvi, na hilo ndilo lililonipeleka. Mwaka 1968 Brian Fagan na John Yellen walichapisha matokeo ya uchimbaji wao pale: marundo ya vigae vya vyungu vya kutengenezea chumvi, kazi ya karne ya 13 hadi ya 15. Chumvi ya namna hii ni kazi ya kiangazi, maana masika bonde linajaa maji. Unakusanya udongo wenye chumvi, unauchuja kwa maji kwenye chungu chenye matundu, unachemsha maji yale mpaka yakauke. Nilisimama pale nikajiuliza wapishi wa chumvi wa miaka 600 iliyopita walilala wapi. Aliyekuja kwa msimu alihitaji kibanda cha msimu, na kibanda cha matete hakiachi kigae. Anayechimba atakuta chungu. Hatakuta nyumba. Wala hatakuta samaki aliyetiwa chumvi akapelekwa milimani.

Nilifika ziwani saa tisa alasiri, mwezi wa Agosti. Upepo ulikuwa unavuma kama mtu anayefukuza kuku.

Bonde la Rukwa limelala kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, na upepo wa kiangazi, ule ambao watu wa pwani wanauita kusi, unatoka kusini-mashariki vile vile. Unaingia bondeni kama maji kwenye mfereji. Upande wetu, mwisho wa kusini wa ziwa, unakupiga mgongoni kutoka nchi kavu na kusukuma kila kitu kuelekea majini: vumbi, majani, mifuko ya plastiki, na maji yenyewe. Nilikuta vibanda kama thelathini hivi. Nilimwamkia mzee aliyekuwa ameketi akishona wavu, nikaomba kulala.

"Karibu," akasema. "Una nini humo?"

"Hema, Babu."

Vijana wakaacha walichokuwa wakifanya wakaja kutazama. Nililitandaza, nikaingiza fito zake, nikaelekeza mlango mashariki ili niamke na jua, kama kwenye picha za matangazo. Vigingi vya waya viliingia mchangani kama sindano kwenye uji. Sikuwa nimemaliza kigingi cha nne, upepo ukaingia mlangoni, hema likajaa kama shavu la mpiga tarumbeta, likang'oka na kuanza safari ya ziwani. Vijana walilifukuza kwa shangwe. Walilikamata majini, maji yakiwa magotini, fito moja imevunjika.

"Mwanangu," mzee akasema, "mlango hautazami upepo."

Ndipo nikatazama vibanda vyao vizuri kwa mara ya kwanza, ingawa vya namna hiyo nilishavipiga picha. Vyote thelathini vilikuwa vimegeuzia upepo mgongo. Mgongo umeinama chini na umesukwa matete mara mbili, juu turubai, juu ya turubai wavu chakavu uliofungwa mawe pembeni ili turubai lisipige makelele wala kuchanika. Sakafu imeinuliwa shibiri moja kwa mchanga. Mlango unatazama ziwa, na mbele yake jiko, ili moshi uende majini na cheche zisirudi kwenye matete. Hakuna kigingi hata kimoja. Vimepandwa viguzo vya mti, vimefukiwa hadi kwenye tope gumu. Kijana mmoja aliniambia kibanda kinajengwa asubuhi moja na kuvunjwa kwa muda wa kuchemsha ugali. Matete yanabaki, turubai na viguzo vinabebwa.

Jioni nikavua nao. Nilishangaa kwamba mitumbwi mingi ilikuwa imevutwa nchi kavu. Mzee alinieleza kwamba upepo huu unakwenda ziwani, haurudi. Ukienda mbali ukakukuta, unapiga kasia kuelekea nyumbani na nyumba inazidi kuwa mbali. Kwa hiyo siku za upepo mkali watu wanabaki kwenye maji mafupi, wanatega nyavu wakitembea kwa miguu, na wengine wanatupa mshipi kutoka ufukoni. Upepo mgongoni unasaidia: ndoano, chambo na kijiwe cha uzito vinaruka mbali kuliko nguvu za mkono wako. Nilitupa mara kumi na kitu nikapata kambale mmoja, mwembamba, mwenye hasira. Kokoro sikuliona. Ni marufuku kisheria, maana linazoa hadi vifaranga, na nilipouliza, wote walitazama pembeni. Nimeandika hivyo hivyo nilivyoona.

Mamba? Wapo. Kijana mmoja husimama nyuma ya wanaotega, kazi yake ni kutazama maji tu.

Kitu ambacho sikukitarajia ni maji kuhama mbele ya macho yangu. Nilipofika niliweka jiwe pale ukingo wa maji ulipokuwa. Jua lilipozama ukingo ulikuwa hatua 41 mbali na jiwe. Upepo ulikuwa umelisukuma ziwa kaskazini, kama mtu anavyoinamisha sinia. Usiku wa manane upepo ukatulia, nikasikia maji yakirudi, mawimbi madogo madogo, na asubuhi jiwe langu lilikuwa halionekani. Hayo ni mabadiliko ya saa kumi na mbili. Hapo hatujazungumzia mwaka, wala miaka kumi.

Nililala kwenye kibanda cha mzee, hema likiwa mto wangu. Kabla hatujalala akaniuliza, bila ukali, kama anauliza bei ya kitu:

"Wewe ndiye uliyeandika sisi ni wakimbizi?"

Nikasema ndiye. Nikaomba radhi. Alikaa kimya akichochea moto.

"Mimi kwetu Kamsamba. Nyumba ninayo, ya tofali, bati ishirini na sita. Mama yao yuko huko, wajukuu wanasoma huko. Hapa nimekuja kuvua. Mtu akienda shambani akajenga dungu la kulindia ndege, utaandika hana nyumba?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, na hapa alipandisha sauti kidogo:

"Na choo. Uliandika hatuna choo. Lala, kesho nitakuonyesha choo."

Kesho yake alinipeleka. Tulitembea ufukoni kama robo saa, akasimama akanyoosha kidole majini. Kulikuwa na pembe ya zege ikichomoza, na ndege mweupe amesimama juu yake. Walichanga, akasema, wakanunua saruji Mkulwe, wakachimba shimo, wakajenga kama walivyoagizwa, hatua mia mbili kutoka majini kwa kipimo cha mwaka ule. Masika mbili zilitosha. Ziwa likaja na kukichukua, na shimo likafunguka majini, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na choo kabisa. Hilo alilisema yeye mwenyewe. Kipindupindu anakijua vizuri kuniliko. Kimezika watu aliokula nao.

"Tujenge wapi sasa? Mbali, hakuna anayekwenda usiku, fisi wapo. Karibu, ziwa linakuja. Wanatuambia tujenge cha kudumu ndiyo wataturuhusu kukaa. Cha kudumu, hapa?"

Nilimuuliza kama kuna njia. Alisema ipo, na aliieleza kwa dakika nyingi, na hii ndiyo habari niliyopaswa kuiandika mara ya kwanza: mapipa ya plastiki yaliyofukiwa nusu, sahani ya mbao juu yake, kibanda chepesi, na trekta la kijiji kuja mara moja kwa msimu kuyavuta na kuyamwaga kwenye shimo la huko juu, kwenye udongo mwekundu usiofikiwa na maji. Choo cha kuhama, kwa ufupi. Alishaipeleka hoja hiyo kwenye mkutano. Akaambiwa hakuna ramani ya choo cha namna hiyo. Ramani iliyopo ni ya zege.

Mwaka ule ule mkoa wetu ulipoanzishwa, 2016, watafiti walitangaza kwamba chini ya bonde hili kuna heliamu, gesi nyepesi kuliko hewa, na tangu hapo magari ya uchimbaji yamekuwa yakiteremka Momba. Wachimbaji nao wanaishi kambini, ndani ya makontena yenye viyoyozi na vyoo vinavyobebwa na lori. Nilipomtajia mzee, alisema amevisikia, ila hajaviona kwa macho.

Niliondoka saa nne, kabla upepo haujaamka. Hema niliwaachia. Fito nzima walizichukua kutengenezea vishikio vya taa, kitambaa wakakikata vipande viwili na kufunikia chanja za samaki, maana kinazuia umande na inzi na hakipitishi vumbi. Mfuko wa kijani mzee aliutaka mwenyewe. Alitia perege wakavu kumi na wawili, akaufunga kamba, akanikabidhi nimpelekee binti yake anayeuza sokoni Tunduma, na akanihesabia mbele yangu, mara mbili.